Gamba la Jike wa Cerro Ñandú

"Makao kwa Tero. Meli inaondoka saa sita kamili mchana. Mzigo umeshafika bandarini Colonia."

"Nani kaubeba?"

Redio ikakwaruza kidogo. "Profesa Larrañaga."

Redioni Zulma Etchart aliitwa Tero. Alikanyaga mafuta mpaka Hilux ikatetemeka.

Anselmo Larrañaga. Mtu aliyemfundisha buibui, kabla Idara ya kulinda wanyamapori haijamfundisha bastola. Sasa kawachimbua buibui majike thelathini na wanane wa Cerro Ñandú, kilima pekee duniani wanakopatikana, anawavusha kwa mnunuzi wa ng'ambo. Jike hukomaa kwa miaka saba. Hawa wakipanda meli, kilima kimekwisha.



Saa sita kasoro dakika kumi na moja aliingia ukumbi wa forodha. Profesa alikuwa amekaa, chupa ya maji moto kwapani, anamnywesha ofisa chai ya yerba. Sanduku lilikuwa wazi mezani, vikopo vimepangwa safi.

"Karatasi zake ziko sawa, dada," alisema ofisa Barboza. "Buibui-kifaranga wa kawaida, wale wakubwa wenye manyoya. Hata bafuni kwa shangazi yangu wamo."

Zulma alifungua kikopo kimoja. Manyoya ya kahawia. Meno mawili yaliyoshuka sambamba kama majembe. Kwa nje, wa kilimani na wa bafuni ni walewale.

Profesa alilijua hilo. Alikuwa anatabasamu.

"Tofauti iko ndani, mwanangu. Kwenye vifuko vya jike vya kutunzia mbegu za dume. Mpasue mmoja umwonyeshe ofisa. Lakini nakujua mimi. Huwezi."

"Umezeeka vibaya, Profesa. Huna hata haya."

Dakika nane.

Macho yake yaliganda kwenye mfuko wa shati la mzee. Kiberiti. Na Larrañaga hajavuta sigara maishani mwake.

Mtu wa buibui hatupi gamba. Awe darasani, awe anakimbia polisi, buibui akijivua gamba, yeye ataliokota na kulihifadhi. Na jike anapojivua, ngozi ya vile vifuko hutoka pamoja na gamba.

"Hicho kiberiti," alisema Zulma. "Kilete hapa."

Tabasamu likafa. Profesa alimchokoza buibui kwa kidole. Buibui akasugua tumbo kwa miguu ya nyuma, manyoya laini yanayowasha yakapaa, na mzee akayapuliza usoni mwa Zulma.

Macho yakawaka moto.

Akasikia viatu vikikimbilia ngazi ya meli. Alirusha mguu kwa kufuata sauti. Kishindo. Goti lake likatua mgongoni mwa mzee, mdomo wa Glock nyuma ya sikio.

"Jaribu kuinuka," alisema. "Naomba ujaribu."

Alimfunga pingu, akakichomoa kiberiti. Ndani, gamba kavu, limejikunja. Alimimina maji ya chupa kwenye kifuniko cha kikopo. Maji ya yerba hayachemshwi, kwa hiyo gamba lililainika bila kuharibika. Alilitandaza kwa pini, akipapasa.

Lakini machozi yalimtiririka. Hakuona kitu.

"Barboza. Shika lenzi. Tazama upande wa ndani wa tumbo."

"Mimi ni mtu wa forodha, dada, sijui wadudu."

"Una macho. Tazama."

Barboza aliinama. "Kuna vijifuko viwili. Vimeungana chini."

"Hao ndio wa kilimani. Karatasi uliyoipigia muhuri inasemaje?"

Alisoma taratibu. "'Vifuko viwili, vimetengana kabisa.' Saini, Larrañaga." Akarudia kutazama. Kisha akaweka kikombe chini. "Mzee, umeninywesha yerba yako huku unanidanganya usoni?"

Meli ilipiga honi na kuondoka. Pingu zilikuwa zimeshafungwa.

"Makao kwa Tero. Mnunuzi amekamatwa Buenos Aires. Mzigo?"

"Subiri."

Alikuwa akifungua vikopo kimoja kimoja, akipangusa macho kwa mkono wa shati. Thelathini na saba walikuwa hai. Kwenye kikopo cha mwisho jike alikuwa laini, mweupe kwenye viungo, ametoka kujivua. Angekuwa amelala chali, pengine ingekuwa anapumzika tu. Huyu alikuwa amekufa, miguu yote minane imekunjwa chini ya tumbo.

"Ametoka kujivua, na wewe ukambeba kilomita mia nne," alisema Zulma.

"Ni mmoja tu, mwanangu."

"Alikuwa na umri gani?"

Mzee alitazama kikopo. Kwa swali la buibui hakuweza kudanganya, hata sasa. "Ishirini na miwili. Nilimpima mwenyewe akiwa mdogo. Nilikuwa na wanafunzi siku hiyo."

"Nilikuwa mmoja wao. Mimi ndiye niliyekushikia rula."

 

Zulma alimwekea kikopo kile kwenye mikono yenye pingu. "Shika hivyohivyo mpaka mahakamani. Ukikiangusha nitajua."

Akabeba sanduku, akatoka juani.

"Makao, nawarudisha kilimani thelathini na saba. Nahitaji koleo la kuwachimbia mashimo, na siku tatu bila kupigiwa simu."

Akazima redio.