Mkalimani Wangu wa Kajiado

"Syokau, leo wakikuuliza ni nani alikupa hiyo stori, utasema?"

"Lemein, acha ujinga. Heri nilale ndani kuliko kukutaja."

Tulikuwa kwenye korido ya korti ya Kajiado. Mimi ni mwandishi wa habari za mtandaoni pale Kitengela, na siku hiyo nilikuwa mshtakiwa. Niliandika kwamba jaji mmoja alimwita mjane nyumbani kwake akamfanya aweke kidole gumba kwenye karatasi za kuuza shamba, kisha jaji huyohuyo akaamua kesi ya shamba hilo. Serikali ikasema nimetunga uongo. Aliyeninong'oneza habari yote ni Lemein, mkalimani wa Kimaasai wa korti. Ndiye pia aliyekuwa mchumba wangu.

Tangu nichapishe, amani iliniisha. Simu ililia, nikipokea nasikia mtu anapumua tu. Gari jeupe lilikuwa haliishi kuegeshwa nje ya geti letu. Lakini Lemein aliandamwa kuliko mimi. Kila mama mzee mwenye shanga akipita, Lemein aligeuza uso, nami kwa mapenzi yangu ya kipofu nikadhani anaogopa polisi.

Mama Nalangu, yule mjane, akatokea. Lemein akainamisha kichwa, kama Wamaasai wanavyowasalimu wakubwa wao, akingoja kuguswa utosini.

"Yeyo, takwenya," akamwamkia mama kwa Kimaasai.

Mama alisimama, akamtazama, akapita.

"Mbona hajakugusa?" nikauliza.

"Labda hajaniona poa."

"Amekuona, Lemein."

Ndani, upande wa mashtaka ulimwita mama athibitishe kwamba jaji hakumkosea. Mkalimani alikuwa mmoja tu, kwa hiyo Lemein akasimama kando yake.

"Muulize, jaji alimlazimisha kuweka kidole?" kiongozi wa mashtaka akamwambia.

Mama Nalangu alijibu kwa Kimaasai, polepole, macho yake hayamwachi Lemein. Mle ndani sisi wengine hatukujua neno. Lemein angeweza kutafsiri lolote, na sote tungeamini.

"Mkalimani, amesema nini?" hakimu akauliza.

Lemein akamgeukia hakimu.

"Amesema hakulazimishwa, mheshimiwa. Aliambiwa kidole ni cha kuchukua chakula cha msaada, sababu ya ukame."

"Aliambiwa na nani?"

"Na mimi. Jaji aliniita kwake nitafsiri. Akasema nimwambie mama hivyo, nikamwambia. Mama aliniamini kwa vile naongea kama mtoto wake."

Hakimu aliahirisha kesi, na askari wakamshika Lemein palepale. Nilimfuata hadi mlango wa seli.

"Ulinipa nusu ya stori!"

"Niliogopa utaniacha."

"Ukaona afadhali nifungwe mimi?"

"Nilidhani ukiandika ya jaji, yangu itanyamaza. Haikunyamaza, Syokau. Hata nikiwa kazini mchana namsikia mama akiniuliza, 'Ni ya chakula kweli, mwanangu?' Huniuliza kwa upole. Hiyo ndiyo inanimaliza."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumshika mkono, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Simu ikatetema. Ilikuwa meseji ya Kui, mhariri wangu: "Nimesikia mambo imebadilika huko. Huyo mkalimani anaitwa nani? Tuma saa hii."

Nikamsomea Lemein.

"Mpe," akasema.

"Nimetishwa, nimeshtakiwa, na hilo jina sijawahi kulitoa mdomoni."

"Ulikuwa unalinda mtu wa kukupa habari. Sasa mimi ndio habari. Ukinificha, hao wa mashtaka watasema ulijua, hakuna atakayeiamini stori yako, na shamba la mama litapotea tena."

"Na sisi?"

"Sijui, mpenzi. Andika kwanza."

"Babako atasoma, Lemein, na jina lake limo ndani ya lako."

"Wacha asome."

Nililiandika jina lake lote, na la babake, nikilia mbele ya askari bila haya. Nilikuwa nampenda mtu huyu. Nikalituma.