Abiria wa Mwisho Kutoka Ipole

Pikapu ikienda moja kwa moja ilikuwa kimya kabisa. Ikikata kona tu: ngo, ngo. Mara mbili, kisha basi.

Lugembe, dereva wa Dinesh mwenye duka la vitambaa mjini Tabora, alipousikia mlio huo mara ya kwanza alitoa kichwa dirishani akauliza, "Nani anashuka?" Abiria wa nyuma akitaka kushuka hugonga bodi, hilo kila dereva analijua. Lakini nyuma palikuwa na turubai na tairi la akiba tu. Akasonya, akaendelea na safari.

Angekuwa na mke asiye mjamzito angeuacha ugonge mpaka uchoke. Lakini Bernadeta alikuwa na mimba ya miezi minane, na mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Dinesh alishamwahidi kwamba uchungu ukianza, saa yoyote ile, achukue pikapu ampeleke hospitali. Lugembe aliitegemea pikapu ile kuliko alivyoitegemea miguu yake mwenyewe. Akaipeleka kwa fundi Kasimiri.

"Boljointi hiyo, kile kifundo cha gurudumu la mbele," Kasimiri alisema bila hata kuinuka kwenye kiti. "Ikiisha, ukizungusha usukani lazima iseme."

Akaipandisha jeki, akatikisa magurudumu, akatoa boljointi na kuweka nyingine aliyoifungua kwenye gari bovu, maana vipuri vipya siku hizo vilikuwa vya kusikia tu. Akachonga bushi za kukingia vyuma visisagane kwa mpira wa tairi kuukuu, akapaka grisi kila mahali, hata pasipohitaji. Wakatoka barabarani wakijidai. Kona ya kwanza: ngo, ngo.

"Basi mimi nalala nyuma," Kasimiri akasema, sasa amekasirika. "Wewe zunguka polepole, nisikilize inatokea wapi."

Ilikuwa mchana kweupe, jua la Tabora limewaka. Lugembe akazunguka kiwanja. Ngo, ngo. Halafu yakaja mapigo mengi, ovyo ovyo, na sauti ya fundi ikipiga yowe, "Simama! Simama, ndugu yangu!" Kasimiri aliruka kabla gari halijasimama.

"Ulikuwa unagonga wewe?"

"Ya mwisho ni mimi. Zile mbili mikono yangu ilikuwa kifuani." Fundi alimsogelea, akateremsha sauti. "Njoo uone."

Juu ya kibanda cha pikapu, pale pale juu ya kichwa cha dereva, bati lilikuwa na vibonyeo vidogo vidogo vilivyopangana mithili ya vifundo vya vidole. Na nyuma kulikuwa na harufu ya jivu lililomwagiwa maji.

Harufu hiyo Lugembe aliijua, kwa kuwa ndiyo iliyomjaa puani siku ile ya Operesheni Vijiji, pikapu hii ilipotumika kuwahamisha watu wa kitongoji kimoja cha ndani huko Ipole, kina mama wakizima mafiga kwa maji na wazee wakiomba wapewe muda wa kuwaaga marehemu wao wakanyimwa, na yeye, akiwa amechoka na kila mtu ameshapanda, akapiga honi akaipigia kelele ile kaya tupu, kwa mzaha tu, kama wapigavyo madereva wote: "Aliyebaki apande, tunaondoka!"

Bibi Mwanajuma, mganga wa Chemchem, aliposimuliwa hakucheka.

"Shikamoo umeniamkia vizuri, mjukuu wangu, lakini ulichokifanya si kizuri. Umekiita, kimepanda. Kila ukikata kona kinakuuliza, ni hapa? Hicho hakitaki gari, kinataka penye watu." Akavuta ubani karibu. "Kirudishe kilikopandia. Kiambie kishuke. Zaidi ya hapo mimi sina."

Waliondoka asubuhi, Lugembe na Kasimiri. Barabara ya kusini ina kona chache, lakini zote ziligonga, na kadiri msitu ulivyozidi kufunga ndivyo mapigo yalivyozidi kuwa na haraka. Walipofika kwenye zile nyumba zilizoezuliwa Lugembe alifungua mlango wa nyuma, akasema, "Tumefika. Shuka, hapa ni kwenu."

Hawakuona kitu. Walingoja mpaka harufu ikaisha, wakafunga mlango, wakageuza. Kimya. Kona zote mpaka mjini, kimya. Kasimiri aliimba nyimbo za kanisani njia nzima.

Bernadeta aliwapokea mlangoni akicheka. "Hebu nizungusheni na mimi nisikie hicho kimya chenu."

Lugembe, kwa furaha, akampandisha mbele, akamzungusha mitaa yote ya jirani, kushoto, kulia, kushoto tena. Hapakugonga kitu. Aliposhuka Bernadeta alishika kiuno, akasema kwamba ghafla amejisikia mzito.

"Ni siku zimekaribia," mumewe akamwambia.

Jioni hiyo alikuwa amekaa mkekani akichagua mchele, Lugembe anakula. Akageuka kuuvuta ungo.

Ngo, ngo.

Ulikuwa mlio wa bati, ndani ya chumba kisicho na bati hata la kufunikia chungu.

"Mtoto anacheza," Bernadeta alisema. Tabasamu lake likakaa kidogo, kisha likaondoka lenyewe, kwa sababu naye alikuwa ameusikia. "Baba, huyu si mtoto."

Alitaka kuinuka, na kwa kuinuka ilimbidi ageuke tena, na mlio ukatoka tena tumboni, wa haraka safari hii, wa mtu aliyechoka kuuliza. Lugembe alimrukia akamshika mabega. Kumbe hakikushuka Ipole, kilinyamaza tu mpaka kikapata penye mtu. Kasimiri angefungua nini? Bibi Mwanajuma alishasema hana zaidi.

"Usigeuke," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Mke wangu, kaa hivyo hivyo. Usigeuke."

Bernadeta akabaki vile vile, ameegemea mkono mmoja, na mkono ulikuwa umeanza kuchoka.