Joto Gani, Mjomba?

Mjomba Ambakisye alikutwa jikoni amepiga magoti mbele ya beseni la unga.

"Mjomba, unasali?" aliuliza Tusekile.

"Nauomba unga uumuke," alisema Mjomba. Akainuka haraka. Ko! Kichwa kikagonga rafu.

Tusekile alikuwa na miaka sita. Aliishi Tukuyu. Huko mvua hunyesha chwa-chwa-chwa, na watu huvaa sweta hata mchana.

Jioni hiyo Mama angerudi kutoka hospitali. Angekuja na mtoto mchanga.

Mama alikuwa amepiga simu. "Tuse mwanangu, natamani maandazi. Yale laini."

"Utayakuta, Mama," Tusekile alimjibu.

Basi unga ulikuwa mezani tangu asubuhi, umefunikwa kwa kitambaa. Hamira imo. Sukari imo. Iliki imo.

Wakafunua. Wakachungulia.
Unga ulikuwa tuli. Tuliii.

"Mimi maandazi nilijifunza Tanga," alisema Mjomba. "Kule unaacha unga mezani, unakwenda kupiga soga. Ukirudi, unga umekuja mlangoni kukupokea."

"Tanga kuna joto," alisema Tusekile. "Hapa kuna baridi."

Mjomba alikuwa dereva wa lori miaka ishirini. Alizunguka nchi nzima. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Basi tuupe joto," alisema.

"Joto gani, Mjomba?"

"Liko joto la Dodoma. Lile ni kavu. Jua linachoma, midomo inapasuka. Nilikaa wiki moja tu, nikarudi nimenyauka kama kisamvu cha juzi."

Wakasogeza beseni karibu na moto. Karibu kabisa.

Ta! Ta-ta! Kuni zikalia.
"Aii!" Mjomba naye akalia. Akapuliza vidole, fuu, fuu.

Wakafunua. Wakachungulia.
Pembeni unga ulikuwa umefanya ganda. Katikati ulikuwa tuli. Tuliii.

"Hili linaunguza," alisema Tusekile.

Mjomba akabandua ganda. Akalila, ili ushahidi usibaki.

"Basi joto gani, Mjomba?"

"Liko la Kyela. Lile ni fukuto. Hewa imejaa maji, shati linanata mgongoni. Ukivuta pumzi, ni kama umekunywa supu."

Sufuria ya ndizi ilikuwa ikitokota, bwe-bwe-bwe. Wakaweka beseni pale pale penye mvuke.

Miwani ya Mjomba ikapata ukungu. Akainama, akachungulia.

"Mbona unga umekuwa maji?" aliuliza.

"Mjomba, hiyo ni ndoo."

To! To! To! Mvuke ukawa matone. Kitambaa kikaloa chepechepe.

Wakafunua. Wakachungulia.
Unga ulikuwa tuli. Tuliii.

"Hili linalowesha," alisema Tusekile.

Sasa saa kumi ilikuwa imefika. Tusekile akachungulia dirishani.

"Mama yuko njiani. Nitamwambia nini?"

Mjomba akakikamua kitambaa, akakirudisha juu ya unga.

Tusekile akaenda chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa amejilaza chini ya mablanketi mawili.

"Hiyo ni miguu au barafu?" alisema Bibi. "Ingia humu."

Tusekile akaingia. Akajikunja kando ya tumbo la Bibi.

Humo mlikuwa na joto. Halikuunguza. Halikulowesha. Lilikuja polepole, likaanzia miguuni, likapanda mpaka masikioni.

"Bibi, joto hili linaitwaje?"

"Uvuguvugu," alisema Bibi, macho kayafumba. "Haya, niache nilale."

Tusekile akaruka kutoka kitandani. Pu-pu-pu-pu, mpaka jikoni. Pu-pu-pu-pu, akarudi.

"Bibi, sogea kidogo. Kuna mgeni."

Bibi akafumbua jicho moja. Akamwona Tusekile. Akaliona beseni. Akamwona Mjomba anachungulia mlangoni kama aliyevunja sahani.

Bibi akasogea.

Beseni likaingia. Blanketi likafunika. Bibi akakoroma, khrrr. Wakasubiri. Khrrr. Wakasubiri tena. Mjomba alitaka kuchungulia mara nne. Mara nne Tusekile akamshika mkono.

Halafu chini ya kitambaa, kitu kikasema pu.
Kikasema puu.
Kikasema puuuu.

Wakafunua. Wakachungulia.
Unga haukuwa tuli! Ulikuwa umevimba, umejaa beseni, umekisukuma kitambaa kama tumbo la aliyeshiba.

"Umeumuka!" alipiga kelele Tusekile.

"Nimesikia," alisema Bibi. "Utoeni."

Wakasukuma. Wakakata. Chwaaa! Maandazi yakaingia kwenye mafuta. Yakageuka, yakatuna, yakawa ya kahawia.

Mara hodi ikapigwa. Mama huyo! Kifuani alikuwa na furushi la kanga na blanketi. Ndani ya furushi kulikuwa na pua ndogo sana.

"Karibu, Mama. Maandazi haya hapa," alisema Tusekile.

Mama alikula moja. Akala la pili. La tatu alilila akimtazama Tusekile, huku anatabasamu. Tusekile alikaa ubavuni kwake, akashika kidole cha mdogo wake, akaanza kusinzia.

"Laini mno!" alisema Mama. "Na baridi yote hii! Huu unga mmeuumuaje?"

Mjomba akakohoa. Akavuta kiti, akakunja nne.

"Unajua, dada," alianza, "duniani kuna joto la namna nyingi. Mimi nilipokuwa naendesha lori..."

"Umeumukia tumboni kwangu," alisema Bibi. "Kuleni, mkalale."