Ulinikatalia Mji Bila Kuniuliza

"Kumbe ni wewe!"

Mkunga ndiyo kwanza alikuwa anavua glavu. Mama mmoja mtu mzima, mjukuu wake mchanga mikononi, alisimama mlangoni pa wodi ya wazazi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Ni mimi nimefanya nini, mama?"

"Wewe ndiye uliyetunyima msanifu. Picha yako iko mezani kwake, naiona kila siku. Nikawa najiuliza, huyu binti ana nini hasa mpaka mtu akatae kujenga mji mkuu mpya kwa ajili yake?"

"Samahani, mama. Wewe ni nani?"

"Mkurugenzi wa mradi. Bosi wa mchumba wako." Akashusha sauti asimwamshe mtoto. "Mpango mkuu wa mji tuliouchagua ni wake. Tukampa na kazi ya kuusimamia, ahamie kule. Akakataa. Akasema mchumba wake hawezi kuhama, ana baba mgonjwa."

"Amesema mimi siwezi kuhama?"

"Ina maana hujui?"

Hakujua. Alichoambiwa ni kwamba mchoro umepita, lakini kazi yenyewe kapewa mtu mwingine. Siku ile alimlaza mchumba wake mapajani, akambembeleza kama mfiwa, akawatukana wakubwa wote wa mradi. Kumbe mmoja wao ndiye huyu, na ana tabasamu zuri.

"Na huyo mwingine mmeshampa?"

"Anasaini Ijumaa. Sikufichi, mwanangu, hanifurahishi. Ameshaanza kupangua. Hospitali ya wazazi iliyokuwa katikati ya mji ameitupa nyuma ya stendi. Pale katikati anataka uwanja wa gwaride."

Mkunga alitoa simu mfukoni.

"Uko wapi?"

Jibu likaja papo hapo: "Home mpenzi. Nakaanga mayai. Njoo na njaa."

"Nakuja. Njaa sina."

Alimwita mchumba wake Rula, kwa sababu mwanaume huyo hakuweza kupita mbele ya picha iliyopinda ukutani bila kuinyoosha. Alimkuta jikoni, aproni kiunoni. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa mji: barabara, masoko, shule, na miti iliyopakwa kijani mmoja mmoja.

"Rula, hebu niambie tena. Ile kazi alipewa nani?"

"Si nilikwambia? Kuna jamaa mmoja..."

"Leo nimemzalisha binti wa bosi wako."

Mwiko ukamponyoka.

"Ningekwambia."

"Lini? Tukishapata wajukuu?"

"Nilijua utasema twende, halafu utaishi kule moyo wako uko huku kwa baba. Nikaona bora nilibebe mwenyewe."

"Hukulibeba, umenibebesha mimi! Ofisi nzima inajua kuna mwanamke kamfunga msanifu kamba mguuni. Nimekuwa kisingizio chako na wala sina habari."

"Nilifanya kwa kukupenda."

"Najua! Ndiyo maana nina hasira. Ungekuwa hunipendi, ningeshaondoka zamani nikapumzike."

Rula alitaka kucheka.

"Usithubutu," alisema Mkunga, kidole juu. Kisha akaisogelea ramani. "Hii hospitali, kwa nini uliiweka hapa katikati?"

"Unajua kwa nini."

"Sema."

"Uliwahi kurudi kazini unalia. Mama mmoja alijifungulia kwenye foleni ya magari. Ukasema mwenye uchungu hatakiwi kuvuka mji mzima. Nikafuta bustani ya mawaziri, nikaweka hospitali. Barabara zote kubwa zinafika hapo."

"Imehamishwa."

"Na nani?"

"Na huyo uliyemwachia. Anataka gwaride."

Rula alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Jikoni mayai nayo yalikuwa yanaungua kweli, na hakuna aliyejali.

"Sasa nijibu," alisema Mkunga, safari hii kwa upole. "Ulikataa kwa ajili yangu tu, au uliogopa?"

Rula alijipangusa uso kwa aproni.

"Niliogopa pia. Kwenye karatasi hakuna anayelalamika. Kule wataishi watu. Nikikosea mtaa mmoja, wataamka nao maisha yao yote."

"Hilo ndilo ungeniambia. Mimi watu walioogopa ndio kazi yangu."

Akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa baba. Na usinifuate mpaka ujue unachokuja kuniuliza."

Asubuhi simu ya Rula iliita. Baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia mimi siwezi kuhama."

"Baba, nilifikiria kliniki yako, na hiyo miguu..."

"Kwani mimi kabati? Ulinipima mlangoni ukaona sipiti?"

"Hapana, baba."

"Miguu ndiyo inauma, masikio mazima. Ungeniuliza ningekujibu. Kliniki kule zitakuwepo?"

"Kuna zahanati imeshafunguliwa, ya mafundi. Daktari anakuja kila wiki."

"Basi unangoja nini? Mchumba wako huyu tangu jana amenikalia hapa kanuna, anakoroga chai ambayo haina hata sukari. Njoo umchukue, ananiharibia hewa."

Rula alifika shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Mkunga alikuwa barazani, kikombe mkononi.

"Nimekuja kuuliza," alisema bila kuketi. "Nikiirudia ile kazi, tutahamia kwenye vumbi. Hakuna duka la maana, hakuna majirani, hospitali bado iko kwenye karatasi. Utakuja na mimi?"

"Hospitali ikiwa bado nitazalishia wapi?"

"Kuna mahema."

"Nitazalishia kwenye mahema." Akaweka kikombe chini. "Umeona? Swali lenyewe hata dakika halijamaliza."

Alimvuta mkono, na Rula akajikuta amekumbatiwa mbele ya baba mkwe, ambaye aligeuza uso kwa adabu huku anachungulia.

Ijumaa waliingia wote wawili kwenye ukumbi wa mradi. Msanifu mwingine alikuwa ameshika kalamu, mkataba mbele yake. Mwenyekiti wa bodi alivua miwani.

"Wewe si ulisema mchumba wako hawezi kuhama?"

"Hakuwa ameniuliza, mzee," Mkunga akajibu. "Sasa kaniuliza."

Bodi nzima ikacheka. Mwenyekiti peke yake hakucheka.

"Kiti hiki kina mtu, kijana. Nikupe kwa sababu gani?"

Rula alikunjua ramani mezani. Akaweka kidole katikati, pale palipokuwa na hospitali.

"Gwaride ni siku moja kwa mwaka, mzee. Watoto wanazaliwa kila siku. Kama mji huu ni wa serikali peke yake, mwenzangu asaini. Kama kuna watu watakaoishi humo, naomba niurudie. Nilikosea kuuacha."

Wakaambiwa wasubiri nje. Walikaa kwenye benchi la korido wameshikana mikono. Ujumbe wa mkurugenzi ulifika kabla mlango haujafunguliwa:

"Umepata. Mwenzako kapewa stendi na uwanja wake, huko huko pembeni. Mwambie Mkunga hospitali yake imerudi."

Mkunga alisoma mara mbili, kisha akalia kwenye bega la shati lile lile lenye upande usiopigwa pasi.

Walifunga ndoa kule kule, kwenye ofisi ya msajili isiyokuwa na vioo madirishani. Ilikuwa ndoa ya kwanza ya mji mkuu mpya. Baba alikalia mfuko wa saruji uliotandikwa kitambaa cheupe. Mafundi waliacha kazi, wakajaa madirishani na kofia zao za plastiki.

Msajili aliinua kalamu. "Maharusi, mtaa mnaoishi?"

Rula alikohoa. "Bado hauna jina."

"Wewe si ndiye uliyeuchora?"

"Niliuchora. Sikuupa jina."

"Basi siwezi kuendelea. Hapa hapaachwi wazi."

Fundi mmoja akapaza sauti dirishani: "Mtaa wa Mkunga!"

Wenzake wakaitikia kwa vigelegele vya kiume vilivyokosa mpangilio. Bibi harusi akaficha uso kwenye kifua cha mumewe, mabega yakimcheza kwa kicheko. Msajili alimtazama msanifu. Msanifu akatikisa kichwa kukubali, macho yamejaa maji.

"Mtaa wa Mkunga," msajili akarudia huku anaandika.

"Na mimi niandike," alisema baba kutoka kwenye mfuko wake wa saruji. "Nakaa kwao."