Chupa ya Usi

Chupa ilibubujika dirishani, na hapana mdomo wa mtu uliokuwa kwenye mpira wake.

Tabia aliacha kukuna nazi. Usi, mumewe, alikuwa barazani akigombana na kikohozi chake. Miaka yote aliyobeba magunia katika ghala la karafuu, vumbi lilimjaa kifuani, na wenye ghala hawakumpa hata kitambaa cha kuziba pua. Hasira hiyo Tabia alilala nayo na kuamka nayo.

Daktari mgeni aliyekuja baada ya Mapinduzi ndiye aliyempa chupa ile: maji nusu, kizibo, mrija mrefu uliozama majini na mpira mfupi wa kuvutia. "Vuta mpaka maji yabubujike, misuli ya pumzi ipate nguvu," alimwambia. "Usipulize, maji yatakurukia." Usi akavuta asubuhi na jioni huku akitukana, na haukupita muda akapanda ngazi za nyumba yao ya Malindi bila ya kukaa njiani. Tabia alilia kwa furaha.

Sasa chupa ilikuwa ikivuta yenyewe, na chumba kikanuka karafuu, katika nyumba ambayo karafuu haikutiwa hata kwenye pilau.

Bi Kazija, mganga, akaja kufukiza ubani mchana kweupe. Kifua cha Usi kikajibu kwa sauti isiyokuwa yake: "Hiki kifua ni kiti changu tokea ghalani. Mnataka kunitoa kwa mpira?"

"Bwana Usi, wewe vuta tu," alinong'ona Bi Kazija. "Mwenye kupuliza ni mimi, nkishamaliza kusoma. Ukipuliza wewe, utakachotoa ni chako, si chake."

"Nakuomba, mume wangu, msikilize," Tabia alimsihi.

Lakini jini likacheka, kicheko kikavu chenye vumbi, na Usi, aliyenyamaza mbele ya wasimamizi wa ghala miaka yote ile, hakuweza kunyamaza mbele ya kicheko kilichotoka ndani ya mbavu zake mwenyewe, akaukamata mpira, akafoka, "Toka, mwanaharamu wee! Nshachoka!" akapuliza, akapuliza kwa misuli yote aliyoijenga, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na maji hayakuruka hata tone, chupa ikameza tu.

Ubani ukazimika.

"Nlimwambia," alisema Bi Kazija. "Si nlimwambia?"

Usi alikuwa akitabasamu. "Tabia, nshapona. Hata kifua sikisikii."

Tabia alimwekea kiganja kifuani. Hakikupanda wala hakikushuka. Dirishani chupa ilibubujika, ikapumzika, ikabubujika, kama Usi alivyokuwa akipumua usingizini siku za ujana wao.

Tabia aliinyanyua kwa ghadhabu aibamize sakafuni, na Usi akaanguka kwa magoti. Tabia akairudisha dirishani kwa mikono miwili, taratibu. Kizibo hakuthubutu kukigusa. Maji yalikuwa yamebaki vidole viwili, na kila ilipobubujika yalipungua.