Waulizaji wa Sabuni ya Lulu

"Kwangu mzigo haulali," Dorothea aliwaambia wateja Jumatatu ile asubuhi, kifua mbele. "Nauza kile watu wanachokitaka, basi. Biashara sasa ni huria, asiyejua kubashiri atafunga duka."

Kisha akafungua mlango wa stoo, na katoni za sabuni ya Lulu zikamwangukia miguuni.

Hapo ni Majengo, Dodoma, mwaka 1993. Stoo ilijaa Lulu mpaka darini. Sabuni ya unga hakuna, betri hakuna, majani ya chai hakuna. Dorothea aliagiza mzigo kwa kufuata yale ambayo Yasinta, muuzaji wake, alimwambia kila jioni kuwa wateja wameyaulizia. Sasa akamgeukia binti wa watu.

"Ulisema Lulu inaulizwa!"

"Iliulizwa, mama. Kila siku."

"Na kila siku hainunuliwi! Nani kakupa kitu uniongopee? Jumamosi nisipopata jibu, unarudi kwenu Bahi ukavune mpunga."

Yasinta akaanza kulia. Wadogo zake wote walisoma kwa mshahara ule.

Iddy alikuwa kijana wa jirani, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo kwa kuegemea kaunta za watu. Akajikohoza. "Mama, kesi hii niachie mimi."

"Umekuwa polisi?"

"Polisi wana kazi, mama. Mimi nina muda."

Akaanza na Yasinta. "Dada, waulizaji wenyewe wakoje?"

"Vijana tu. Anakuja mmoja, anauliza Lulu. Nikisema haipo anasikitika kama kafiwa. Mzigo ulipofika, hata mmoja hakurudi."

Iddy akajikuna shingo. Anayefaidika dukani kwa Dorothea kukiharibika, si mwenye duka la ng'ambo ya barabara? Akavuka.

"Shikamoo, mzee Athuman."

"Marahaba. Kama umekuja kukopa au kuulizia tu, rudi."

"Nimekuja kuuliza. Kuna mtu anamtumia Mama Dorothea watu wa kuulizia Lulu, ajaze stoo vitu visivyotoka."

Athuman aliinuka kitini. Alifunua pazia la nyuma: Lulu mpaka darini. "Mimi nilidhani ni yeye," akasema.

Mshukiwa akafutika. Jumatano Iddy akashika kijiti, akazunguka majalala ya Miyuji na Area D, watoto wakimfuata na kumzomea. Alipekua pakiti za sabuni ya unga, betri zilizokwisha, karatasi za majani ya chai. Karatasi ya Lulu hakuiona hata moja. Jioni akachota maji ya bomba, yale yenye chumvi, akasugua Lulu mpaka mkono ukauma. Povu likagoma.

"Mama," alimwambia Dorothea, "tumekuwa tukisikiliza midomo. Jalala halina sababu ya kuongopa. Mtu akitaka kitu kweli, akikikosa kwako atakinunua kwingine, na karatasi yake ataitupa. Hawa hawakununua popote. Sasa nani anafaidi Lulu ikiulizwa tu?"

Dorothea akakaa juu ya katoni. "Anayeniletea."

Aliyemletea ni Augustino, wakala wa jumla, suruali yenye pasi ya kukata kucha, aliyepita kila Alhamisi kuchukua oda. Alhamisi hiyo Dorothea, kama alivyofundishwa na Iddy, alimnong'oneza yeye peke yake: "Nafikiria kuagiza dawa ya viatu ya kijani. Ila sijui kama watu wanaitaka."

"Ya kijani?" Augustino akafikiri kidogo. "Subiri tu, mama. Itaulizwa."

Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, Yasinta aliingia stoo ameshika mbavu. "Mama, vijana watano wanataka dawa ya viatu ya kijani! Wawili wamekuja pekupeku!"

Jumamosi Augustino akaitwa. Athuman alikuwepo, na Mwamvua, muuza soda wa barazani, akasogea asipitwe.

"Mteja kuuliza ni kosa?" Augustino alijitetea.

"Rangi ile uliambiwa wewe tu," Iddy akasema. "Hata Yasinta hakuijua. Waliijuaje wale?"

Augustino akamtazama Dorothea, akamtazama Athuman. "Nilinunua lori zima la Lulu mnadani Dar. Nikafika hapa, haitoi povu. Nikaona badala ya kunilalia mimi, bora ilale kwenu."

"Utaibeba yote leo hii," Dorothea akasema, "na kwenye lori hilohilo urudi na sabuni ya unga." Akamshika Yasinta bega. "Nisamehe, mwanangu. Kaunta ni yako. Kuanzia leo tunaagiza kwa kilichotoka, si kwa kilichoulizwa."

Yasinta akafuta macho kwa khanga, akacheka. Iddy akaona zamu yake ya kung'ara imefika.

"Mimi nilimshtukia mapema," akasema. "Mbinu yake nyepesi. Anatafuta vijana wajinga wajinga, anawanunulia soda, wanakwenda kuulizia."

Duka zima likamgeukia. Hapakuwa na mtu aliyetaja soda.

"Wajinga kweli," Mwamvua akasema taratibu. "Yule aliyetumwa kwa Athuman mwezi uliopita alikunywa ya machungwa. Chupa yangu iko wapi, Iddy?"