Fundi Anayepasuka Kichwa

Namba aliyoshika mkononi ilikuwa mia mbili na kumi na moja, na dirishani walikuwa wamefikia ya sitini na tatu. Ukumbi wa vitambulisho ulikuwa umejaa hadi mlangoni, feni moja inazunguka, nyingine imekufa, na karani alikuwa amefunga pazia akaenda zake kunywa chai bila hata samahani. Fundi cherehani, katika gauni la njano alilolishona mwenyewe na penseli imechomekwa kwenye nywele, alikuwa akicheka peke yake na simu.

Jirani yake kwenye benchi, kijana mrefu mwenye miwani na shati lisilojua pasi, alishindwa kujizuia.

"Samahani dada, huyo ni mbuzi?"

"Ni mbuzi. Haruhusiwi kuingia harusini mpaka apate kofia inayompendeza. Nimeshambadilishia kofia thelathini."

"Ni gemu ya kulipia?"

"Ya bure, kaka! Za kulipia sizijui, na za kuuana sizitaki. Mimi nataka za ajabuajabu, za dakika tano, nikiwa namngoja mteja."

"Unayo ile ya kufagia majani huku upepo unayarudisha?"

Akamgeukia mzima mzima. "Ipo ya hivyo? Hebu nipe!"

Walikaa saa mbili wakionyeshana: birika linaloogopa moto, tarishi anayeyapelekea mawingu barua. Kisha karani akarudi akijifuta mdomo, na fundi akasimama.

"Wewe kaka, chai yako ina mifupa? Watu wamesimama hapa na watoto mgongoni!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko na pazia likafunguka upesi. Yule mrefu hakucheka. Alikuwa ameshapenda.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za mabomba ya maji, kwa hiyo fundi akamwita Mabomba, naye akamwita Sindano. Wiki ya pili alimfichulia kwamba ile gemu ya majani aliitengeneza yeye, chumbani kwake, na nyingine kumi na moja. Alikuwa na mtindo wake: gemu ikikamilika, siku hiyohiyo anaiachia mtandaoni, bure, kila mtu acheze. Sindano alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Siku nyingine, wakiwa wameketi kwenye ngazi za duka lake la ushonaji wakila karanga, alimweleza jambo ambalo hata dada yake hakulijua vizuri.

"Nilikuwa na mchumba. Aliniacha kwa ujumbe wa mistari miwili. Alisema hasira zangu zinamtia aibu mbele za watu."

"Mimi hizo hasira ndizo nilizozipenda," Mabomba alimwambia, na alisema kweli.

Mwezi haukuisha, mwalimu mmoja wa chekechea akaja dukani kupimwa sketi, akiwa hana mbavu kwa kucheka.

"Fundi, hii si wewe?"

Kwenye simu yake alisimama mwanamke wa gauni la njano, penseli kichwani. Wateja wanaingia mmoja mmoja wakidanganya vipimo vyao, naye anafoka, "Chai yako ina mifupa?" Kila uongo unamvimbisha kichwa, mpaka kinapasuka na pamba kutawanyika duka zima.

"Shuleni kwetu tunaicheza wote," mwalimu alisema. "Kikipasuka ndiyo raha yenyewe!"

Sindano alimaliza kumpima bila kukosea hata inchi. Mwalimu alipotoka, akampigia Mabomba simu.

"Sindano wangu! Umeiona? Nilitaka kukushtukiza..."

"Umenipasua kichwa."

"Mpenzi, ni utani tu, watu wanakupenda!"

"Watu gani? Nilikwambia kwa siri kinachoniuma, wewe ukakichorea miguu kitembee mjini! Yule wa kwanza aliona aibu peke yake. Wewe umewaitia watu waje wacheke!"

Akakata. Na alikuwa na haki. Najua wapo watakaosema ni gemu tu, ya bure tena. Waje wao wachorwe, wapasuliwe mbele ya wateja wao, halafu tuwasikilize. Mabomba hakuwa na nia mbaya, lakini mkono wake ulizoea kuachia kila kitu siku kilipokamilika, na haikumpitia akilini hata kidogo kwamba safari hii kitu chenyewe kilikuwa mtu.

Alipiga simu mara kumi na tano, haikupokewa. Ndipo akafanya upuuzi wa pili. Aliiondoa gemu mtandaoni, akamwandikia: "Nimeifuta. Haipo tena popote."

Simu ikalia papo hapo. Akaipokea akidhani amesamehewa.

"Umenifuta?"

"Nimefuta gemu, mpenzi, kwa ajili yako..."

"Umeniweka hukuniuliza, umenitoa hukuniuliza! Mimi ni kiraka?"

Maneno hayo yalimwingia. Kesho yake mchana alikuja dukani na kompyuta yake, wateja wanne wakiwa wamekaa, akasimama mlangoni kama mshtakiwa.

"Nimekosa. Nilikuchora bila ruhusa na kukufuta bila ruhusa. Ukitaka ibaki imefutwa, itabaki. Ukitaka irudi, niambie wewe uweje."

Sindano akausogeza mkasi mezani apate pa kuweka kompyuta.

"Kwanza, sipasuki mimi. Apasuke anayedanganya."

"Sawa."

"Nikifoka, mambo yaende. Foleni isogee, nguo ziishe. Hasira zangu zina kazi."

"Sawa, mpenzi."

"Usiniite mpenzi, andika."

Wateja nao wakaingilia, huyu anataka gauni liwe la mikono mirefu, yule anataka fundi awe na kiti. Jioni ilipokaribia, gemu ilikuwa imekwisha. Mabomba akaweka kidole juu ya kitufe, akakiondoa.

"Niiachie?"

"Achia."

Akaiachia, akafunga kompyuta, akabaki ameketi.

"Sasa unangoja nini?" Sindano akafoka.

"Kuna jambo... naogopa."

"Ya kuuliza hukuuliza, leo limebaki moja la maana unanyamaza! Uliza, mwanaume, watu wanataka nguo zao!"

Akamuuliza pale pale kama atakubali kuolewa naye, mbele ya wateja wanne na mashine mbili. Sindano akajibu ndiyo, bado amekasirika.